Mahindi Yanapolala Kuelekea Ziwani

Pale Muhuru Bay, mtu akifika nyumbani kwa Millicent lazima ale. Hakuna cha "nimeshiba" wala "nina haraka." Karani wa sensa alikula. Fundi wa mabati alikula mara mbili. Hata mchungaji aliyekuja siku ya kufunga aliondoka na ugali umefungwa vizuri, akale jua likizama. Millicent alijivunia jambo hilo waziwazi. "Mtu hawezi kunifungulia mdomo halafu aende na njaa," alikuwa akisema, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Jambo la pili alilojivunia lilikuwa ziwani. Alikuwa na vizimba vinne vya kufugia samaki waitwao ngege. Watu wa ufukoni huviita keji. Ni fremu za mabomba ya chuma zinazoelea juu ya mitungi ya plastiki, na chini yake nyavu zinaning'inia kama mifuko mikubwa. Samaki hukua humo ndani. Alivianzisha yeye mwenyewe. Mume wake, Willis, mvuvi wa wavu tangu ujana, alimcheka sana.

"Samaki wa kufungwa kama kuku?" aliuliza. "Nyar Karungu, wewe utawafunga kamba mguuni pia?"

Nyar Karungu maana yake ni binti wa Karungu, kwa kuwa huko ndiko Millicent alikozaliwa. Basi walipovua mara ya kwanza, wakatoka ngege wanono wa kujaza makreti, Willis aliacha kucheka. Siku hiyohiyo akaanza kusema "keji zetu." Millicent alimsikia, akatabasamu peke yake.

Ikafika Novemba. Kwa wiki nyingi jua lilikuwa kali na ziwa limetulia. Kisha upepo ukavuma kwa nguvu siku mbili mfululizo kutoka bara. Ulipopungua, asubuhi, Millicent alipiga makasia kwenda kuwalisha samaki wake. Aliona maji yamegeuka rangi, yamekuwa ya kijivu. Yalikuwa na harufu kidogo, kama yai lililooza. Akatia mkono. Yalikuwa baridi.

"Afadhali," alijisemea. "Na wao wapate ubaridi kidogo."

Alipofika kwenye vizimba alishangaa. Samaki wote walikuwa juu. Vinywa vyao vilikuwa wazi, vinafunguka na kufumba, vinafunguka na kufumba. Maelfu ya vinywa, vyote vinamtazama yeye.

Moyo ulimuuma. "Uwi, watoto wangu! Mmekuwa na njaa hivi?"

Akamwaga ndoo nzima ya chakula kwenye kizimba cha kwanza. Akamwaga ndoo nzima kwenye cha pili. Hapo chakula kikaisha, akarudi haraka nchi kavu kuchukua gunia jingine. Aliporejea, vizimba viwili alivyolisha vilikuwa vimejaa matumbo meupe. Samaki walikuwa wamekufa, wote. Katika vile viwili vya nje, ambavyo hakuwa amevifikia na chakula, bado walikuwa wanahema. Millicent aliketi mtumbwini na ndoo mapajani, akiyatazama yale matumbo meupe. Hakulisha. Kufikia saa sita mchana wale wa nje walishuka chini wakaanza kuogelea tena.

Hasira inatafuta mtu. Millicent aliinua macho, na juu ya kilima akaona shamba la mahindi la Werema. Werema alikuwa jirani Mkuria, mtu mpole, mrefu, wa maneno machache. Siku nne tu zilizopita alikuwa amenyunyiza dawa ya viwavi. Millicent alipanda kilima bila hata kubadilisha nguo zilizolowa. Akasimama kwenye ua, watu wakisikia.

"Werema, umeniulia samaki!"

Werema alitua jembe. "Mama Roselyn," alisema taratibu, akimwita kwa jina la bintiye, "mimi nimenyunyizia viwavi. Samaki yako sijaiona."

"Dawa yako imeteremka na maji ikaingia ziwani!"

"Mvua haijanyesha wiki mbili."

Jibu hilo lilikuwa zuri, na ndiyo sababu Millicent hakutaka kulisikia. Aligeuka akashuka. Tangu siku hiyo Werema, ambaye kila siku ya soko alikuwa akila kwa Millicent, alipita njia ya mbali. Mezani pakabaki nafasi yake, na Millicent aliiona kila alipopakua chakula.

Sasa vimebaki vizimba viwili. Ikiwa hivyo navyo vingekufa, ingekuwa mwisho wa keji za Millicent. Hakuwa na vifaranga wengine wa samaki, na wanawake sita waliokuwa wakimtazama ili nao waanze walikuwa tayari wamekunja mikono.

Wiki iliyofuata alikuja afisa wa uvuvi. Jina lake Bosibori, mwanamke wa Kisii mwenye sauti ya kusikika hata mtumbwi ukiwa mbali. Wavuvi walimwita daktari wa samaki. Alikuja na kisanduku kidogo chenye waya mrefu, akapanda mtumbwini na Millicent na Willis.

"Mama, niambie kila kitu," alisema. "Hata kile unachoona ni kidogo."

Millicent akaeleza. Alipofika kwenye vinywa vilivyo wazi, Bosibori aliinua kidole.

"Vizimba gani ulilisha?"

"Hizi mbili za ndani."

"Na hizi za nje?"

"Chakula ilikuwa imeisha, madam. Niliporudi na ingine sikulisha."

"Na ni gani zilikufa?"

Millicent alivitazama vile vizimba viwili vya ndani, sasa vitupu. Jibu lilikuwa mbele yake, linaelea.

"Mama, samaki hawakuwa na njaa," Bosibori alisema, na safari hii alishusha sauti. "Walikuwa wanakosa hewa. Samaki hupumua hewa iliyo ndani ya maji, ile tunayoita oksijeni. Ikipungua, anakuja juu, anafungua mdomo, anatafuta mahali penye hewa kidogo. Ukimpa chakula wakati huo, akakila, tumbo lake linahitaji hewa zaidi ili kukisaga. Na chakula kinachobaki kinaoza, kinamaliza hata ile kidogo iliyokuwepo."

"Basi ni mimi nimewaua." Machozi yalimtoka Millicent. Yeye, mwanamke wa kulisha watu.

"Hewa ilipungua kabla hujafika. Wewe ulikosea kusoma midomo yao. Sasa tutafute hewa ilikwenda wapi."

"Si ilikuwa sumu?" Millicent aliuliza, bado anashikilia lile la Werema.

"Kama sumu ingetoka shambani, ingeanzia kwenye kijito kinachoshuka kutoka kilimani. Vyura na samaki wadogo wa pale wangekufa kwanza. Walikufa?"

"Hapana," Willis alijibu. Kisha akakohoa, akatazama makasia. "Lakini kuna kitu sikusema. Siku hiyo wavu wangu ule wa chini, kule mbali, ulitoka baridi. Baridi mpaka vidole. Zile samaki kubwa, mbuta, zilikuwa ndani zimekufa, zimelegea, na harufu ni hiyohiyo."

Millicent alimgeukia. "Baba Roselyn! Na ukanyamaza?"

"Nilisema hayo ni mambo ya wavu. Hayahusu keji."

"Juzi ulisema ni keji zetu!"

Bosibori alicheka, lakini macho yake yalimwelekea Willis kwa heshima. "Mzee, hicho ndicho nilikuwa natafuta. Mkono wako umesoma ziwa kabla ya mashine yangu."

Akashusha waya majini. Juu, kipimo kilisoma digrii ishirini na sita. Akashusha zaidi na zaidi, wakaenda kilindini, akashusha tena. Chini kabisa, ishirini na nne.

"Digrii mbili tu?" Millicent aliuliza. "Hiyo ni baridi gani?"

"Kwa ziwa lisilojua theluji, digrii mbili ni nyingi. Na tazama namba ya pili. Hewa: karibu hakuna. Twende kwa yule anayeuza samaki kwa barafu. Nataka mwone kwa macho."

Eucabeth, aliyekuwa akisafirisha samaki kwa masanduku ya barafu, aliwakaribisha kibandani pake. Bosibori aliomba chombo kirefu cha plastiki kinachoonyesha ndani, akakijaza maji ya ziwa yaliyopashwa na jua. Akachukua kopo lenye matundu, akatia barafu, akaidondoshea dawa ya zambarau, ile inayopakwa vinywani mwa watoto wenye vidonda. Akalitumbukiza kopo upande mmoja wa chombo.

"Msitikise meza."

Walitazama. Barafu ilipoyeyuka, maji ya zambarau yalitoka kwenye matundu yakazama moja kwa moja. Hayakuchanganyika. Yalipofika chini yakaanza kutambaa sakafuni, polepole, kuelekea upande wa pili. Juu maji yalibaki meupe.

"Yanatembea!" Eucabeth alisema.

"Yanatembea. Maji ya baridi ni mazito. Yanazama, kisha yanatafuta njia chini. Hata bahari hufanya hivyo. Mbali sana, kusini na kaskazini mwa dunia, kuna baridi ya kugandisha bahari. Maji yanapoganda, barafu huacha chumvi nje, na maji yanayobaki yanakuwa baridi na yenye chumvi nyingi. Yanakuwa mazito mno. Yanazama hadi sakafu ya bahari na kutambaa miaka mamia, yanapita chini ya bahari zote, mpaka huku upande wa Mombasa. Yanabeba hewa kutoka juu, na viumbe wa kilindini wanaishi kwa hewa hiyo."

"Kwa hiyo yao inaleta hewa, na yetu inaua?" Willis aliuliza.

"Swali zuri, mzee. Lolwe, hili ziwa letu, nalo hupumua. Katikati ya mwaka, upepo wa kusini unapoza maji ya juu, hasa upande wa Tanzania. Yanakuwa mazito, yanazama, yanatambaa kuja huku, na ziwa lote linachanganyika. Chini kunapata hewa mpya. Lakini kuanzia Septemba jua linapasha maji ya juu. Yanakuwa mepesi, yanalala juu kama blanketi. Maji ya chini yanafungiwa. Hayaonani na upepo tena. Mabaki ya majani, ya mwani na ya chakula cha samaki yanaanguka huko, yanaoza, yanamaliza hewa. Kisha unakuja upepo wa kutoka bara. Tazameni."

Aliinama, akapuliza kwa nguvu juu ya maji kutoka mwisho mmoja wa chombo. Maji meupe ya juu yalisukumwa kwenda mbali. Na palepale alipokuwa anapuliza, zambarau ilipanda kutoka chini, ikaja juu kujaza nafasi.

Millicent aliweka kidole kwenye plastiki, mahali zambarau ilipopandia.

"Hapa ndipo keji zangu zilikuwa," alisema.

"Ndiyo, mama."

Aliendelea kuitazama ile zambarau. Ilikuwa hofu, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine. Miaka yote ameishi kando ya ziwa hili, na leo ndipo ameliona likitembea ndani yake. Akajikuta amenyoosha mgongo.

"Sasa nifanye nini?"

"Kwanza, visogeze vizimba mbali na ufuo, mahali penye kina na maji yanayopita. Punguza samaki, wasisongamane. Pili, pima." Bosibori aliwaonyesha kutengeneza kipimo: chupa iliyofungiwa jiwe, themometa ndani, kizibo chenye uzi, na kamba yenye fundo kila mita moja. Unashusha hadi fundo unalotaka, unavuta uzi, kizibo kinatoka, maji ya pale yanaingia. Unapandisha upesi na kusoma. "Baridi ikipanda fundo kwa fundo, jiandae kukokota vizimba. Tatu, midomo ikiwa wazi, usilishe. Hata kidogo."

"Na upepo? Nitajuaje unatoka bara kabla haujafanya kazi yake? Kwetu chini kilima kinatukinga."

Bosibori alitoka nje ya kibanda, akainua macho. "Yale mahindi kule juu ni ya nani? Upepo wa bara lazima uyaguse hayo kwanza."

Willis alitazama viatu vyake. Eucabeth alianza kupanga barafu iliyokuwa imeshapangwa.

"Ni ya jirani yangu," Millicent alisema.

Kupanda kilima kile kulimchukua wiki mbili. Miguu ilikuwa mizima, ila aibu ilikuwa nzito. Siku alipokwenda, hakubeba sahani wala samaki. Alimkuta Werema motoni, anachoma mahindi.

"Baba Nyamongo," alisema, bado amesimama. "Nilikusingizia mbele ya watu. Haikuwa dawa yako. Ilikuwa maji ya chini ya ziwa, na mkono wangu mwenyewe. Nimekuja kusema nilikosa. Hata mbele ya watu nitasema."

Werema aligeuza hindi lake upande wa pili. Akaligeuza tena. Kisha akalitoa motoni, akalipangusa majivu, akamnyooshea.

"Sumu ndiyo hii," alisema. "Kula tuone."

Millicent alimtazama. Uso wa Werema haukucheka, lakini macho yalikuwa yanacheka. Basi yeye, ambaye maishani mwake alizoea kulisha, aliketi kwenye kigoda cha jirani akala. Alikula hadi gunzi likabaki tupu. Ndipo Werema alipocheka kwa sauti, na Millicent akacheka na kulia pamoja.

Walipotulia alimweleza habari ya upepo. Werema alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hii mahindi mliita mchawi," alisema, "leo mnataka iwe askari."

"Ndiyo."

"Sawa. Itakuwa askari."

Katikati ya Desemba, asubuhi, kabla chai haijachemka, simu ya Millicent ililia.

"Mama Roselyn, mahindi imelala. Yote. Inaangalia ziwa."

Millicent hakuuliza mara mbili. Alimwita Willis, wakashika boti ya injini. Kwenye vizimba, ambavyo walikuwa bado wanapanga kuvisogeza mbali na ufuo, alishusha chupa yake. Jana baridi ilikuwa chini ya fundo la kumi, pale kamba inapoishia. Leo ilikuwa kwenye fundo la sita. Wakafunga kamba za kukokotea. Akapima tena: fundo la nne. Na sasa samaki walianza kuja juu, mmoja mmoja, kisha wote, vinywa wazi.

Ufukoni watu walikuwa wamekusanyika. "Millicent, lisha samaki!" sauti zilipigwa. "Hata kidogo! Wanakufa njaa!"

Vinywa vilifunguka na kufumba. Mikono yake ilitaka ndoo. Lakini ndoo ilikuwa nyumbani. Alikuwa ameiacha makusudi, kwa sababu alijijua.

"Vuta, Baba Roselyn," alisema. "Polepole, nyavu zisijikunje."

Nanga zilikuwa mifuko ya mchanga, nazo zilikuwa nzito. Mtumbwi ukaja ukiyumbayumba kutoka ufukoni, na ndani yake alikuwa Werema, mtu wa jembe asiyejua hata kushika kasia vizuri. Alishika kamba ya nanga kwa mikono yake ya kulimia, akaivuta hadi mfuko ukatoka majini. Akashika wa pili.

Waliondoka ufukoni mwendo wa konokono. Kila baada ya muda Millicent alishusha chupa na kuita namba. "Ishirini na nne na nusu." "Bado." "Ishirini na tano." "Vuta, vuta." Walipokuwa mbali, kule maji ya buluu, aliisoma themometa, akaisoma tena kwa kutojiamini.

"Ishirini na sita! Hapa!"

Wakatia nanga. Wakangoja. Kinywa kimoja kilifumba na samaki akashuka. Kingine kikafumba. Baadaye juu ya maji hapakuwa na kinywa hata kimoja, na chini vivuli vya ngege vilikuwa vinazunguka kama siku zote. Walikufa samaki kumi na mmoja. Kumi na mmoja kati ya maelfu!

Millicent alisimama katikati ya boti na kupiga kigelegele kilichofika ufukoni, na ufukoni wanawake wakakipokea.

Siku iliyofuata upepo ulitulia. Alikwenda na ndoo yake, akawalisha, nao wakala kama wenye njaa ya kweli. Siku ya soko Werema alirudi mezani mahali pake. Na mbele ya wageni wote Millicent alisema kosa lake kwa sauti, kama alivyoahidi.

Mwaka mpya ulipoanza, wafugaji wa vizimba waliitwa mkutano mjini Homa Bay. Walikuja wa Mfangano, wa Karungu, wa kila upande wa ziwa. Bosibori alimwita Millicent mbele. Alisimama na gauni lake la kanisani, chupa na kamba mkononi, akaeleza jinsi baridi inavyozaliwa, inavyozama na inavyotembea, kutoka barafu ya mwisho wa dunia hadi Muhuru Bay. Willis alikuwa mstari wa kwanza, anamwambia kila aliye karibu, "Huyo ni wangu." Wale wanawake sita walikuwa nyuma yake, na wanne kati yao tayari walikuwa wanashona nyavu.

Mwanamume mmoja wa Mfangano aliinua mkono. "Mama, hivyo vipimo vyenu mlipata wapi? Ni vya serikali?"

Millicent aliinua kamba ili wote waione.

"Kimoja ni hiki, nimefunga mafundo mwenyewe," alisema. "Cha pili ni mkono wa mume wangu kwenye wavu. Lakini cha kwanza kabisa, kinachotuamsha, kimeota juu ya kilima." Akamwonyesha mtu mrefu aliyeketi karibu na mlango, aliyekuwa anatafuta pa kuficha uso. "Mwenyewe ni yule. Anaitwa Werema. Simama, Baba Nyamongo, watu wakuone."